Umelipa mkopo ukaisha, ripoti bado inasema unadaiwa: kesi inaanzia wapi?

Niseme mapema kabisa ili mtu asije akamaliza hela yake kwa wakili bure: ukitaka kuishtaki kampuni inayotunza taarifa za wakopaji kwa sababu ripoti yako ina uongo, kesi haianzii mahakamani. Inaanzia kwenye barua ya malalamiko uliyoandika mwenyewe, ikapokelewa, ukabaki na nakala yenye muhuri. Bila hiyo karatasi, hata Marekani ambako hizi kesi zimejaa, wakili anakosa pa kushika. Na hapa Mwanza naona watu wengi wanairuka hiyo hatua, mtu anakataliwa mkopo, anagombana na afisa mikopo pale dirishani, anatoka na hasira anamsimulia kila anayekutana naye kuanzia Kirumba mpaka Buhongwa, miezi inapita na hakuna hata mstari mmoja ulioandikwa popote.

Tuanze na nani anafanya nini maana hapa ndo pana mchanganyiko mkubwa. Mkopeshaji, iwe benki au kampuni ya mikopo, ndo anaandika habari zako: ulikopa lini, kiasi gani, rejesho limechelewa siku ngapi, limebaki shilingi ngapi. Habari hizo zinapelekwa kwenye kanzidata ya taarifa za wakopaji iliyoko Benki Kuu, ambayo msingi wake ni Sheria ya Benki Kuu ya 2006 na kanuni zilizotoka 2012. Afu zipo kampuni binafsi zilizopewa leseni na Benki Kuu, Creditinfo na Dun & Bradstreet ni miongoni mwao, hizo ndo zinachukua taarifa zinatengeneza ripoti na kumuuzia mkopeshaji mwingine anayetaka kujua unalipaje madeni. Hizi ndo wengi wanaziita byuro au CRB. Kwa hiyo ile sentensi ya "mama, mfumo unaonyesha una deni" imeshapita mikono kadhaa kabla ya kukufikia wewe, na kila mkono una jibu lake tayari. Afisa mikopo atakwambia sio mimi ni mfumo. Byuro itakwambia sisi tunaandika tulicholetewa. Mkopeshaji wa zamani atakwambia kwetu ulishamaliza, nenda kawaulize wao.

Makosa yanaingiaje? La kawaida kabisa ni mkopo ulioisha bila kufungwa. Umelipa rejesho la mwisho umeshukuru Mungu, kumbe kulikuwa na faini ya elfu tatu imebaki kwenye kompyuta, hakuna aliyekwambia, na kila mwezi ile akaunti inapelekwa kama deni lililochelewa, siku zinaongezeka, zikipita 90 tayari unasomeka kwenye mikopo chechefu, yaani isiyolipwa ipasavyo, kwa sababu ya elfu tatu. La pili ni majina. Kanda ya Ziwa majina yanajirudia sana, akina Masanja na Mashauri na Pendo wamejaa kila mtaa, tarehe za kuzaliwa za watu wengi zilikadiriwa tu, na mikopo mingi ya zamani ilifunguliwa kwa kadi ya mpiga kura au barua ya mtendaji kabla namba ya NIDA haijawa kitu cha kila siku. Mfumo ukilinganisha majina na tarehe, watu wawili wanaweza kugeuka mtu mmoja, deni la wa Igoma likamkaa wa Ukerewe. Na la tatu ni laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako, mtu mwingine akaikopea.

Ila kuna kitu ambacho si kosa japo kinauma, na hapa naomba tuelewane vizuri. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti samaki, mitumbwi inakaa, na pale soko la samaki la Mwaloni biashara inapoa. Mkopeshaji yeye anataka rejesho kila wiki, mbalamwezi iwepo isiwepo. Unachelewa, giza likirudi unalipa yote pamoja na faini, na ripoti inaandika ulichelewa siku 9. Ripoti hiyo imesema kweli. Huwezi kuishtaki byuro kwa kuandika jambo la kweli, hata kama ratiba yenyewe ilikuwa ya kukuonea toka mwanzo. Binafsi naona wanaokopesha wavuvi wangeweza kabisa kupanga marejesho yafuate giza, wanaijua kalenda ya ziwa vizuri tu, lakini hilo ni jambo la kupigania kabla ya kusaini mkataba, ukishasaini unahesabiwa kwa ratiba uliyokubali.

Sasa twende Marekani, maana wenzetu wana sheria ya shirikisho toka 1970 inayosimamia ripoti za mikopo, wanasheria wa kule wanaiita FCRA, na watu wanazishtaki byuro kubwa za kule, Equifax, Experian na TransUnion, kila siku. Kuna mambo matatu kwenye sheria yao ambayo ukiyaelewa utaona kwa nini naing'ang'ania barua.

La kwanza, byuro haishindwi kesi kwa sababu tu ripoti ina kosa. Sheria inaitaka ifuate taratibu za busara kuhakikisha taarifa ni sahihi kadiri inavyowezekana, kwa hiyo mlalamikaji hatakiwi kuonyesha uongo tu, anatakiwa aonyeshe kwamba byuro ilikuwa inafanya kazi ovyo. Na ushahidi mzuri wa kufanya kazi ovyo ni huu: nilikwambia, ukajua, hukufanya kitu.

La pili ndo limewaangusha wengi. Ukilalamika kwa byuro, byuro inapewa siku 30 kuchunguza, zinaweza kufika 45 ukiongeza ushahidi katikati, na inatakiwa impelekee malalamiko yako mkopeshaji aliyetoa taarifa. Hapo ndo mkopeshaji naye anaingia kwenye wajibu wa kuchunguza ambao raia anaweza kumshtakia. Ukienda kwa mkopeshaji peke yake, ukakaa ofisini kwake siku nzima, ukapiga simu mpaka salio likaisha, kwa sheria hiyo bado huna kesi ya kumfungulia wewe kama raia, kwa sababu malalamiko hayajapita kwa byuro. Watu wameshindwa kesi wakiwa na haki kabisa kwa ajili ya hili.

Mfano wa aliyefuata njia sawasawa ni Reginald Kirtz. Alikuwa na mkopo wa nyumba wa serikali, ule wa vijijini ulio chini ya wizara ya kilimo ya Marekani, akadai kwamba alishaumaliza 2018 lakini wizara ikaendelea kuiambia TransUnion kwamba amechelewa. Kirtz akaiandikia TransUnion, TransUnion ikaitaarifu wizara, wizara ikakaa kimya. Akashtaki. Wizara ikajibu kwamba serikali haishtakiki kwa sheria hii. Ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na Februari 2024 majaji wote kwa kauli moja wakasema inashtakika. Angalia kilichombeba: malalamiko yake yalipita kwa byuro na kumbukumbu zipo. Kama angebaki anabishana na wizara tu, ile kesi isingefika popote.

La tatu ni uchunguzi wenyewe. Kule malalamiko mengi yanapita kwenye mfumo wa kompyuta unaounganisha byuro na wakopeshaji, na barua yako ya kurasa nne inageuzwa kuwa alama fupi ya kompyuta yenye maana kama "anasema sio deni lake". Mkopeshaji anaangalia jina na namba kwenye kompyuta yake, zinafanana na zile alizopeleka mwenyewe, anabonyeza "imethibitishwa", imeisha. Yaani kosa linathibitishwa na kosa lenyewe. Mahakama za kule zimeshasema mara kadhaa kwamba uchunguzi lazima uwe uchunguzi kweli, na Januari 2025 mamlaka ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, iliishtaki Experian ikidai uchunguzi wake ni wa kuigiza, na mwezi huohuo ikaipiga Equifax faini ya dola milioni 15 kwa mambo ya namna hiyohiyo. Sasa kama nchi yenye sheria ya miaka zaidi ya 50 bado inahangaika na jambo hili, usitegemee barua yako ya kwanza hapa kwetu itasomwa na mtu aliyetulia. Andika ya pili. Andika ya tatu.

Julie Miller wa Oregon ndo aliandika hivyo. Taarifa zake zilichanganywa na za mwanamke mwingine mwenye jina lilelile, madeni ya yule yakaingia kwake, akakataliwa na benki, akalalamika tena na tena Equifax kwa karibu miaka 2 bila kurekebishiwa. Mwaka 2013 juri, yaani raia wa kawaida wanaoitwa kuamua kesi, ikampa dola milioni 18.6, ambazo karibu zote zilikuwa za kuiadhibu kampuni, hasara yake halisi ilihesabiwa dola 180,000. Mwaka uliofuata jaji akaikata ile adhabu mpaka dola milioni 1.62. Watu wakisimulia hii kesi wanataja milioni 18 na kuishia hapo, lakini naomba uangalie hiyo 180,000, ndo pesa iliyotokana na kuthibitisha nini kilimpata, na hata ile adhabu ilijengwa juu ya kuonyesha kwamba byuro iliambiwa mara nyingi ikapuuza.

Halafu kuna Ramirez, na hii kila mtu anayefikiria kushtaki anatakiwa aijue. 2011 Sergio Ramirez alienda na mke wake na baba mkwe kununua gari California, muuza magari akavuta ripoti yake TransUnion, ikatoka na tahadhari kwamba jina lake linafanana na majina yaliyo kwenye orodha ya serikali ya watu hatari, magaidi na wauza madawa. TransUnion walikuwa wanalinganisha jina la kwanza na la ukoo tu. Muuza gari akakataa kumuuzia, gari likanunuliwa kwa jina la mke. Kesi ikawa ya watu 8,185 waliopigwa muhuri huohuo, na juri ikawapa zaidi ya dola milioni 60, mahakama ya rufaa ikapunguza mpaka kama milioni 40. Juni 2021 Mahakama ya Juu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ikasema hivi: watu 1,853 ambao ripoti zao zilipelekwa kwa wafanyabiashara wamedhurika, wana kesi. Waliobaki, zaidi ya 6,000, ambao uongo ulikuwa umekaa tu kwenye kompyuta ya TransUnion bila kutumwa kwa mtu, hawana madhara halisi, kwa hiyo hawawezi kudai fidia kwa hilo. Jaji Kavanaugh, aliyeandika uamuzi huo, akafananisha na mtu aliyeandika barua ya kumkashifu mwenzake afu akaifungia kwenye droo yake.

Mimi sikubaliani sana na huo uamuzi, na majaji wanne hawakukubaliana nao pia, maana uongo ulioko kwenye mashine ya kampuni ambayo kazi yake ni kuuza taarifa unasubiri tu mnunuzi. Lakini somo lake la vitendo ni kubwa: swali la kwanza kwenye kesi yako litakuwa nani aliiona ripoti, lini, na akafanya nini baada ya kuiona.

Kuhusu hela niseme kwa kifupi. Kule kosa la uzembe linalipwa hasara halisi. Kosa la makusudi, au la kutojali kabisa, lina fidia ya dola 100 mpaka 1,000 hata kabla hujaonyesha hesabu ya hasara, pamoja na adhabu juu yake, na ukishinda aliyeshtakiwa ndo anamlipa wakili wako. Hilo la mwisho ndo linafanya mtu wa kawaida apate wakili. Muda ni miaka 2 toka ugundue, na kwa vyovyote isizidi 5 toka kosa litendeke.

Hapa kwetu hayo ya fidia ya kiwango maalumu hayapo, wala hakuna sheria moja inayosema mshtaki byuro hivi na hivi. Lakini sio kwamba huna pa kwenda. Kanuni za 2012 zinampa mtu haki ya kuona taarifa zake na kupinga zisizo sahihi, kwa hiyo unaenda kwa byuro, unaomba ripoti yako mwenyewe, unaisoma mstari kwa mstari. Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha, na tawi lake lipo hapahapa Mwanza, ila watakuuliza kwanza kama ulishamlalamikia mtoa huduma na alikujibu nini, ile barua tena. Na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kufanya kazi Mei 2023, watu wengi bado hawajaishtukia. Hiyo inakupa haki ya kujua taarifa zako zinazoshikiliwa, kutaka zirekebishwe zikiwa za uongo, kudai fidia ukipata madhara, na pia kupinga kuamuliwa jambo zito na mashine peke yake bila binadamu kuangalia, jambo ambalo mikopo ya kwenye simu inafanya kila dakika. Malalamiko yanaenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia aliizindua Aprili 2024.

Hii sheria inagusa pia wale wa apu za mikopo wanaotuma meseji kwa watu wote waliomo kwenye simu yako kwamba wewe ni tapeli. Hilo ni tofauti na ripoti ya byuro, usiyachanganye kwenye barua moja. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya apu 69 zisizo na leseni, kwa hiyo anayekutisha "tunakupeleka CRB" mwangalie kwanza kama yeye mwenyewe anatambulika. Kutishwa ni jambo moja, kuwepo kwenye ripoti ni jambo lingine, na njia ya kujua ni kuomba ripoti.

Ukifika mahakamani, mawakili wataijenga kesi kwa uzembe, au kashfa, au kuvunja mkataba kama unayemshtaki ni benki uliyokuwa na mkataba nayo. Hapo ndo ugumu. Mahakama ya Rufani ilishaweka wazi toka shauri moja lililochapwa 1992 kwamba hasara maalumu lazima itajwe waziwazi kwenye madai na ithibitishwe. Maana yake ukisema nilikosa mkopo wa milioni 8 wa mashine ya mtumbwi, wakili wa upande wa pili atauliza barua ya kukataliwa iko wapi, mashine ulikuwa unainunua wapi kwa bei gani, mtumbwi ulikuwa unaingiza kiasi gani kwa giza moja, daftari liko wapi. Wavuvi na wafanyabiashara wetu wengi hesabu zao ziko kichwani na ni sahihi kabisa, lakini kichwa hakipokelewi kama kielelezo. Mahakama inaweza kukupa fidia ya jumla kwa usumbufu na kuchafuliwa, ila kiasi kipo kwenye busara ya hakimu au jaji. Na kwetu kwa kawaida anayeshindwa, hata akiwa ndiye aliyeshtaki, anabebeshwa gharama, kwa hiyo ukienda na kesi nyepesi unaweza kurudi na deni la kweli.

Kwa hiyo siku unapoambiwa mfumo unakukataa, usiondoke hivihivi. Omba jibu la maandishi, hata barua pepe au meseji yenye tarehe, lenye sababu na jina la byuro iliyotoa ripoti. Omba ripoti. Barua yako iandikwe kwa byuro, nakala kwa mkopeshaji aliyepeleka taarifa, uitaje akaunti yenyewe kwa namba, useme kosa ni lipi, kiasi gani kimeandikwa na kipi ni sahihi, uambatanishe stetimenti au risiti ya rejesho la mwisho na kitambulisho cha NIDA. Kosa moja aya moja. Usiandike "mmeniharibia maisha" kwenye barua ya kwanza hata kama ni kweli, andika namba na tarehe. Mkopeshaji muombe barua ya kumaliza deni, na hii mtu ungeiomba siku ileile unapomaliza, kabla ya kutoka mlangoni. Kama huna uwezo wa wakili, sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, wapo, na barua kama hii ni kazi wanayoiweza.

Akitokea mtu anakwambia mpe laki moja akusafishie jina CRB, kataa. Taarifa ya uongo inaondolewa bure kwa kulalamika, na ya kweli hana uwezo wa kuifuta. Marekani waliona watu wanaibiwa hivi wakatunga sheria 1996 kuwakataza hao wasafishaji kupokea hela kabla ya kufanya kazi.

Jambo lililobaki ni muda. Kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, madai ya uzembe na ya kashfa yanafunguliwa ndani ya miaka 3, na ya mkataba ndani ya miaka 6. Kuandikiana barua hakusimamishi hiyo saa. Unaweza kuwa unajibiwa vizuri kabisa, "tunalishughulikia mteja wetu mpendwa", mwaka wa kwanza, wa pili, na siku unakuja kuamua kwenda mahakamani jibu la kwanza la upande wa pili likawa umechelewa. Weka tarehe ya kukataliwa mkopo juu ya faili lako kwa maandishi makubwa, na mwanasheria utakayemwona mwonyeshe hiyo kabla ya kitu kingine chochote.